Kipumulio cha Bibi Maendeleo

Ukimwamkia Bibi Maendeleo shikamoo, hakuishia kwenye marahaba. Aliongeza swali. "Marahaba. Choo chenu kimeezekwa?" Au, "Marahaba. Mtoto amepelekwa kupimwa uzito?" Mtu na haraka zako ulijikuta umesimama katikati ya njia unajieleza kama uko mbele ya baraza la kata. Ukimaliza kujieleza alitikisa kichwa kidogo, akaenda zake, na wewe ukabaki hujui kama umemfurahisha au umemuudhi.

Bibi Maendeleo halikuwa jina lake. Lilikuwa kazi yake: kuzunguka vijijini akiwafundisha akina mama majiko yanayobana kuni, bustani za mboga, vikundi vya kufuga kuku, na kuwaandikisha watu wazima waliotaka kujua kusoma. Alipostaafu akaja kijana mmoja mpole mwenye shahada, shati la kuchomekea, na huyo tulimwita Afisa. Jina la Bibi Maendeleo lilibaki kwa mwenyewe. Hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi walimwita hivyo, bila kujua maana yake.

Mimi ni fundi pikipiki. Banda langu liko Mtinko, upande wa njia ya kwenda mnadani, na yeye alikuwa mteja wangu tangu nilipofungua. Kwa hiyo watu hudhani namjua. Ni kweli kwamba injini yake niliitambua ikiwa bado iko ng'ambo ya mashamba ya alizeti. Lakini yeye mwenyewe, kila nilipodhani nimeshamwelewa, alifanya jambo lingine nikaanza upya.

Chukua habari ya jiko. Kata nzima ina majiko ya udongo yaliyojengwa kwa usimamizi wake, na alikuwa mkali kweli. Aliingia jikoni kwa mtu, akainama, akachungulia tundu la moshi. Siku moja nilimpelekea kabureta nyumbani kwake, nikamkuta anasonga ugali wa mtama kwenye mafiga matatu, jikoni kumejaa moshi, machozi yanamtiririka.

"Bibi, jiko lako la udongo liko wapi?" nikamuuliza.

"Nimempa jirani."

"Jiko la udongo linapewaje mtu?"

"Alikuwa na wageni. Nikamwambia aje kupikia kwangu. Sasa limekuwa lake, anapika yeye." Akanisogezea kigoda. "Kaa, mlenda umeiva."

Nilikula, nikashiba, na mpaka naondoka sikuelewa. Upande wa pili wa nyumba kweli kulikuwa na jiko zuri la udongo, na jirani yake yuko pale anachochea.

Au chukua habari ya kusema. Kwenye mikutano yake hakuna aliyeruhusiwa kunyamaza. Mke wangu aliwahi kuwa kwenye kikundi chake cha kuku, na anasimulia mpaka leo jinsi Bibi alivyokuwa akinyoosha kidole: "Wewe uliyekaa karibu na mlango. Sema." Mtu akidai hana la kusema, Bibi alingoja. Wote walingoja naye. Mwisho yule mtu alisema, na mara nyingi, mke wangu anasema, lilikuwa jambo zito kuliko yote ya siku hiyo. Lakini yeye mwenyewe umuulize jambo lake, jibu lilikuwa moja tu: "Tutaliona." Goti linaendeleaje, Bibi? Tutaliona. Mwanao anakuja sikukuu? Tutaliona. Nilijaribu hata kumkaribia kwa utani, hakuna nilichopata.

Yeye alikuwa Mnyiramba, mimi Mnyaturu. Sisi alituzungumzisha Kiswahili, lakini pikipiki yake aliizungumzisha Kinyiramba, kwa sauti ya chini, ameinamia tangi. Maneno machache niliyashika, mengi yalinipita. Nilimuuliza mteja mmoja Mnyiramba kutoka Mkalama maana yake. Akasikiliza, akacheka, akasema hayo hawezi kuyatafsiri mbele ya mtu mzima.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani, ya injini tunayoiita tu-stroki: unachanganya oili ndani ya petroli, inatoa moshi wa bluu, na inalia kama bati linapasuliwa. Ofisi ilipoletewa mpya, yeye alibaki na ile kuukuu. Ilikuwa na silinda moja kubwa, na kompresheni yake, ule ugumu wa hewa inayobanwa ndani, ilikuwa ya ajabu. Ukishusha mguu kwenye kiki, ule mkono wa kuwashia, ulihisi kama kuna mtu ndani anausukuma kurudi juu. Ukikosea kidogo, kiki ilirudi kwa nguvu ikakuchapa ugoko. Vijana wa bodaboda waliogopa kuiwasha. Yeye aliiwasha, tena akiwa amevaa gauni na suruali ndani yake, viatu vya ngozi, kitambaa kichwani. Lakini ilimchukua muda mrefu. Alipiga, akapumzika, akapiga, akapumzika.

Kisha goti la kulia likaanza kuvimba. Hospitalini walimwambia limeisha, ndivyo alivyosema mwenyewe, "limeisha", kama anavyosema mtu habari ya sabuni. Siku moja asubuhi alifika bandani akiisukuma pikipiki.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Banda lako halina ndoo ya kunawia." Kisha akaiegemeza kwenye nguzo. "Fundi, nataka isinipige."

Nilimwambia ukweli niliouona. Zipo pikipiki mpya za kubonyeza kitufe, mtu hainui hata mguu. Mwanaye yuko Dodoma, ana kazi nzuri, angemletea. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hizo sizijui," akasema.

"Utazizoea."

"Sijakuuliza hizo."

Basi nikamweleza kuhusu kipumulio. Ni kivalvu kidogo kinachofungwa juu ya silinda. Unabana leva kwenye usukani, waya unakivuta, kinafunguka, na hewa iliyobanwa inatoka nje, kwa hiyo kiki inashuka bila kushindana na mguu. Injini ikishapata mwendo unaachia leva, kinajifunga, moto unashika. Baadhi ya mashine za zamani zilitoka nacho kiwandani. Yake haikutoka nacho, ingebidi kutoboa. Nilimwambia nimewahi kukifungua na kukisafisha, lakini kukifunga kwenye mashine isiyokuwa nacho sijawahi, na nikitoboa vibaya injini hiyo imekwisha, maana kifuniko kingine cha silinda hiyo sijui kitapatikana wapi.

"Tutaliona," akasema, akaiacha.

Mchana wa siku hiyohiyo mwanaye akanipigia simu. Sijui nani alimpasha habari. Ni mtu wa heshima, hakupandisha sauti.

"Fundi, naomba umwambie haitengenezeki."

"Lakini sijajaribu, kaka."

"Ndiyo maana nakupigia kabla. Mama ana goti bovu, anapita makorongo peke yake na chuma kile. Nimemtayarishia chumba huku. Amesema ikikataa kuwaka kabisa, atakuja. Amesema mwenyewe. Sasa wewe ukiifanya iwake, unafikiri unamsaidia?"

Nilimwambia nitaangalia. Nilikaa na ile pikipiki mbele yangu siku nzima bila kufungua nati hata moja, na kila nilipomfikiria mwanaye nilimwona ana haki, na kila nilipomfikiria mama nikaona nani mimi wa kumdanganya mtu aliyemfundisha mke wangu kuandika jina lake. Mke wangu nilipomuuliza, alisema nitoboe. Dada yangu alisema nisitoboe. Wote wawili walikuwa na hakika.

Bibi aliporudi nikamwambia wazi. "Bibi, mwanao amenipigia."

"Na mimi hunipigia. Anasemaje?"

"Anasema nikuambie haitengenezeki."

"Basi umekataa?"

"Sijui."

"Haya," akasema, akavuta benchi, akaketi, mguu mbaya ameunyoosha mbele. "Ukijua, nipo hapa."

Wateja walikuja na kuondoka, kila mmoja akaamkia, kila mmoja akaulizwa habari ya choo au ya mtoto. Nilijifanya nina kazi nyingi. Jua liliposogea mpaka kwenye benchi, alilivuta benchi kivulini. Mwisho nikachukua spana nikaanza kufungua hedi, yaani kile kifuniko cha silinda. Wala siwezi kusema niliamua. Mikono ilichoka kukaa.

Kivalvu nilikipata Singida mjini, kwenye vyuma chakavu, kikiwa bado kimekaza kwenye injini ya pikipiki ndogo ya pedeli iliyokufa zamani. Nilikichovya kwenye mafuta ya taa mpaka kikalegea. Tatizo lilikuwa wapi pa kutoboa. Upande mmoja kuna plagi, upande mwingine mapezi ya kupozea injini, na chini pistoni inapanda karibu sana. Nilibandika donge la udongo wa mfinyanzi juu ya pistoni, nikarudisha hedi, nikazungusha injini polepole kwa mkono, nikafungua tena. Pale udongo ulipobaki mnene ndipo kulikuwa na nafasi. Bibi alikuja akalitazama lile donge lililobonyea, akasema linafanana na andazi.

Nikakata mapezi mawili kwa msumeno, nikasawazisha kwa tupa, nikatoboa kwa drili huku nikidondoshea mafuta ya taa ili alumini isishike chuma. Kisha nikakata thredi za kushikia kivalvu, nusu mzunguko mbele, kidogo nyuma, nusu mzunguko mbele. Jasho lilinitoka kuliko mtu anayelima. Leva niliifanya kwa mkono wa breki ya baiskeli, na waya ni wa baiskeli hiyohiyo.

Tulipoirudisha yote nikamwita. Nilimwonyesha: bana hapa, shusha mguu, achia. Akabana. Hewa ikatoka fsss. Kiki ikashuka kama inashuka kwenye uji. Akaachia, na injini ikalia palepale, kwa mara ya kwanza tu, moshi wa bluu ukajaa banda. Vijana wa bodaboda wakapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Yeye alikuwa ameshika usukani, anaitazama injini kwa mashaka, kama mtu aliyerudishiwa koti lake akahisi si lake.

"Vipi, Bibi?"

"Imewaka," akasema, akaondoka.

Baada ya hapo nilisikia habari zake kwa vipande. Alionekana huku, alionekana kule, wakati mwingine mbali mpaka ukashangaa. Nilifurahi. Lakini mwanaye akanipigia tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na wasiwasi wa namna nyingine.

"Fundi, mama mzima?"

"Mzima, nimemwona juzi anapita."

"Majirani wananiambia hawamwoni siku hizi. Mmoja amesema alidhani ameshahamia kwangu."

Nikamwambia labda anatoka mapema. Akasema labda. Sote wawili hatukujua tunazungumzia nini.

Kisha asubuhi moja Bibi akaja, anaiendesha, akaizima mbele ya banda, akaketi kwenye lile benchi.

"Shikamoo Bibi. Imekusumbua?"

"Marahaba. Hapana. Nataka ukitoe."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nitoe nini?"

"Kipumulio."

"Kinavujisha?"

"Hakivujishi."

"Kwa nini nikitoe, basi?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya kabla hajafika. "Inawaka upesi mno," akasema.

"Bibi, hilo si ndilo tulilokuwa tunalitaka?"

"Nilitaka isinipige. Sikusema upesi."

Nilimwomba basi asiikamate leva, aiache tu pale, siku goti likizidi iwepo. Akatikisa kichwa. Alisema akijua ipo ataikamata. Nikamweleza kwamba tundu haliwezi kurudi kuwa chuma. Naweza kuliziba kwa bolti, lakini litakuwepo. Akasema liwepo. Nikamuuliza, kwa kukata tamaa, kama amebadili nia anataka kuhamia Dodoma. "Tutaliona," akasema.

Nilikitoa. Niliweka bolti ya thredi ileile na gasketi ya shaba, nikakaza. Kivalvu nikamkabidhi, akakitia kwenye mkoba pamoja na funguo. Kisha akapiga kiki mwenyewe, mbele ya watu, akapumzika, akapiga, uso umekunjamana, na kila nilipopiga hatua kumwendea alininyooshea kiganja. Ilipowaka wale vijana hawakupiga makofi. Mmoja alinitazama kama mimi ndiye mwenye kosa.

Jioni ile mwanaye akapiga. "Asante sana Fundi. Mama amenieleza."

"Amekueleza nini?"

"Kwamba kile kitu ulichomfungia kimeshindikana, umekitoa. Nashukuru. Naona sasa atakuja."

Ningeweza kumwambia kwamba hakijashindikana. Lakini ningemweleza nini baada ya hapo? Nilisema karibu, tukaagana. Na kweli Bibi alikwenda Dodoma, na mimi nikasema basi, nimeelewa, ndiyo ilikuwa njia yake ya kukubali. Kabla mbegu za alizeti hazijaisha kupandwa alikuwa amerudi kwa basi. Mke wangu alipomuuliza kuhusu Dodoma alijibu kwamba kule maji yanatoka ukutani na majirani hawatoki.

Baadaye goti lilimshinda kabisa, mwanaye akaja na gari, na mpaka sasa Bibi yuko Dodoma. Lakini kabla ya hapo nilimwona asubuhi moja ambayo bado naigeuza kichwani.

Nilikuwa naelekea kwa mteja, kwa njia inayopita kando ya uzio wake wa minyaa. Nikasikia kiki. Nikasimamisha pikipiki yangu. Bibi alikuwa uani, ameshika usukani, na kwenye uzio walikuwa wamesimama watu. Mzee mmoja alikuwa na kifurushi cha kumpelekea dada yake kijiji cha mbele. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, anataka kujua kama upele ule ni wa kupeleka zahanati. Bibi alipiga kiki, ikakataa. Wakati anapumua akapokea kifurushi. Akapiga, ikakataa. Akamtazama mtoto shingoni, akasema mpeleke leo, si kesho. Hakuna aliyekuwa amewaita.

Nikamuuliza yule mzee kwa sauti ndogo, "Mzee wangu, mlikuwa wapi kipindi kile alipokuwa anaiwasha mara moja?"

"Tulikuwa hapahapa. Tunasikia inalia, tukitoka ameshapita."

"Si mngemfuata ndani jioni, akiwa amekaa?"

Mzee akanishangaa. "Mtu amekaa zake, unaingia unamwambia nini?"

Pembeni, mbali na wengine, alisimama jirani yake, yule wa jiko la udongo. Ni mtu asiyesema. Miaka yote simkumbuki akisema zaidi ya kuitikia salamu. Alisogea wengine walipoondoka. Nilitaka kwenda zangu, lakini njia ilikuwa nyembamba na yeye alikuwa amesimama karibu na tairi yangu. Akaanza kumweleza Bibi akiangalia chini. Alisema mume wake alipofariki shemeji zake walimwacha alime lile shamba la vitunguu, lakini jana wamekuja wakiwa na mtu mgeni, wakapima kwa hatua, wakamwambia...

Hapo Bibi alikuwa ameshashusha mguu. Injini ikashika kwa kishindo, moshi ukatoka, na maneno ya yule mama yakazama. Nikaona midomo yake ikicheza kidogo, kisha ikafunga. Akarudi nyuma hatua moja, akajifunika vizuri kanga, kama mtu aliyemaliza.

Nilidhani Bibi ataondoka. Ilikuwa imewaka, na nilijua, mimi kuliko mtu yeyote, ilimgharimu nini kuiwasha. Goti lilikuwa linatetemeka mpaka gauni linaonyesha. Akanyoosha mkono, akaizungusha swichi, injini ikafa.

"Bibi," nikasema, "wacha basi baadaye nikuwashie mimi."

"Tulia, Fundi." Hakunitazama. Alikuwa anamtazama jirani yake, na mguu wake mbaya ulikuwa umesharudi juu ya kiki. "Wakakuambia nini?"

Yule mama akanyamaza. Bibi akangoja. Mimi nami nikangoja, nimeshika usukani wangu, sijui kama nimefanya vema au vibaya kuziba lile tundu, sijui nimpigie mwanaye nimweleze nini. Kisha jirani akasogea mpaka kwenye uzio, akaweka mkono juu ya minyaa, akaanza habari yake upya tangu mwanzo, safari hii kwa sauti.